Kitambaa cha Nywele za Desimir

*Knin, siku ya pili baada ya Mtakatifu Georgi, mwaka wa kumi wa Kaisari*

Kwa Dobrohna, mjane wa kaka yangu, huko Bribir

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Najua ukiona muhuri wangu unakunja uso na kusema, "Gostimil anataka nini tena?" Safari hii sitaki, naleta. Kaa chini kwanza.

Unakumbuka wazee walivyokata shauri siku tulipomzika kaka. Walisema mimi nikalie kiti cha ukuu mpaka mwanao Desimir akatwe nywele za kwanza, na siku hiyohiyo nishuke, apande yeye. Mwaka wa sita sasa tangu tumweke rehani kwa Wafaranki huko Chividale ili wasitushuku uasi. Ana miaka kumi na tano, nywele zimemfika kiunoni, na bado hajapata wa kumkata. Naambiwa wenzake wanamwita bibi harusi. Aibu hiyo si yake, ni yetu.

Sasa sikia. Nimezungumza na liwali wa mpakani, bwana Liutgar, na amekubali kumkata yeye mwenyewe! Maana yake unaijua kuliko mimi. Amkataye mtoto nywele za kwanza ni baba yake wa mkasi, na baba wa mkasi hamwagi damu ya mwanawe hadi kufa. Nani atathubutu kumgusa kijana ambaye baba yake ni liwali wa Kaisari?

Kutoka kwako vinatakiwa vitu viwili tu. Cha kwanza ni kitambaa cha kupokelea nywele, ulichokifuma kwa mkono wako kama mila inavyotaka. Cha pili ni alama yako ya msalaba kwenye maandishi haya ya Kilatini, kwamba unamtoa mwanao kwa hiari. Wafaranki hawafanyi kitu bila maandishi, nadhani hata wakienda msalani wanaandikiana.

Mwanangu Trebo anakusalimu. Jibini uliyotuma Pasaka aliimaliza peke yake, akaumwa tumbo siku mbili. Miaka mitano, tumbo la mtu mzima!

Shemeji yako,
Gostimil, Mkuu wa Wakroati kwa neema ya Mungu na ya Kaisari

*

*Bribir, Jumapili kabla ya Kupaa Bwana*

Shemeji,

Padri Urso amenisomea barua yako mara tatu. Ya tatu nilikuwa nalia, kwa hiyo haihesabiki.

Miaka sita nimekuombea mabaya kila Jumapili. Leo imebidi nimwambie Mungu zile za nyuma azipuuze. Usijivune lakini, bado nakujua. Ulimpeleka mwanangu rehani kwa sababu wakati ule wewe hukuwa na mtoto wa kupeleka, na ungekuwa naye pia ungempeleka wangu.

Marehemu alikufa wiki moja kabla ya sherehe ya kumkata mtoto nywele, katika vita vya Wafaranki visivyotuhusu ndewe wala sikio. Kondoo alikuwa ameshafungwa, pombe ya asali imeshachujwa. Nikaapa mwanangu hakatwi na mtu mdogo kuliko baba yake. Watu wakanicheka. Na wacheke sasa! Liwali wa Kaisari!

Kitambaa nimeshaanza. Kitani ni ya shamba langu, pindo ni nyekundu. Mwambie liwali jambo moja, na ulitie mkazo: nywele zikishakatwa zifungwe humo humo, nirudishiwe. Nataka niwekewe chini ya kichwa kaburini, kama alivyowekewa mama yangu na bibi yangu. Sitaki kingine.

Na Trebo wako, maskini, aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa, siku yake ikifika kitambaa chake nitafuma mimi. Kwani nani mwingine? Mwanamke mkubwa wa nyumba hii ni mimi, upende usipende.

Dobrohna

*Mkuu wangu, mimi padri Urso naongeza haya bila mama huyu kujua. Maandishi uliyotuma hayamtaji liwali popote. Yanamtaja abati, na altare. Nimemwambia, akanijibu, "Wewe andika, baba padri, acha kuguna." Mimi mwenyewe nilikatwa nywele utosini, na najua aliyekatwa vile harudi alikotoka. Tafadhali niambie mtoto atakatwa kwa namna gani. Nimemzuia asitie alama mpaka unijibu.*

*

*Knin, siku ya Kupaa Bwana*

Kwa Liutgar, liwali wa mpakani, huko Chividale

Bwana wangu,

Nakubusu mikono. Mambo yanakwenda vizuri, mama ameshaketi kwenye mtambo wake anafuma huku anaimba.

Narudia tulivyopatana. Desimir hakatwi na wewe. Anakatwa na abati, utosini, mbele ya altare, mkono wake umefungwa katika kitambaa cha mama pamoja na maandishi, jinsi mnavyomtoa mtoto kwa Mungu huko kwenu. Kuanzia hapo ni mtawa. Hashiki upanga, haoi, hakalii kiti cha mtu yeyote mpaka afe. Wazee wangu hawataweza kunilaumu, kitambaa ni cha mama yake na kila mmoja wao anaijua kazi ya mikono yake. Walisema nikae mpaka akatwe. Atakuwa amekatwa. Wanishushe basi, wampandishe nani?

Nami kila utakapoita nitakuletea wapanda farasi mia mbili. Wale mia tatu wa Bribir siwezi kuwaahidi, wanamtii yule mwanamke, si mimi.

Kuna padri mmoja anauliza maswali. Huyo niachie.

Mtumwa wako,
Gostimil

*

*Knin, Jumatano kabla ya Pentekoste*

Mama Desimir,

Mbona kimya? Liwali ananiuliza kila siku kitambaa kiko wapi, mimi nabaki kuchekacheka tu.

Usimtafute padri Urso. Nilimwita huku anisaidie kanisani, na bahati mbaya mlango wa ghala ukamfunga mkono wa kulia. Vidole vinne vimesagika, na alikuwa akipiga kelele ungedhani anazaa. Hataandika tena, ila atakula, mkono wa kushoto uko salama. Nimekuletea shemasi wangu akuandikie na kukusomea. Anajua Kilatini vizuri, na anasema maandishi yale hayana tatizo hata kidogo.

Usisikilize maneno ya mapadri wa pwani kama Urso. Kukata ni kukata. Mkasi ni mkasi. Au unataka arudi huku na nywele za kike, wazee wamcheke, kiti kibaki kwangu? Mimi nikiwa mtu mbaya ningenyamaza tu.

Gostimil

*

*Chividale, Jumatatu ya Pentekoste*

Mama,

Naandika mwenyewe. Wamenifundisha hapa, ni kitu kizuri pekee walichonipa.

Mama, usitume kitambaa. Nakuomba kwa mifupa ya baba, usitume. Abati ameniita leo akanishika nywele, akazipima kwa kiganja, akacheka. Nikamwuliza liwali atakuja lini. Akasema, "Liwali wa nini? Wewe unatolewa kwa Mungu, baba yako mdogo ameshapanga, tunasubiri kitambaa cha mama yako tu." Nikajua hapohapo. Huku kukatwa nywele si kupewa baba. Huku mtoto wa mkuu akikatwa nywele ndiyo wamemzika. Nimeona mmoja, mtoto wa bwana mkubwa aliyemkosea Kaisari. Walimshika wanne. Sasa anafagia kanisa na hasemi na mtu, na usiku wa baridi tunamsikia akijipiga kichwa ukutani.

Bila kitambaa na alama yako abati hawezi. Ameniambia mwenyewe, ni mtu wa sheria, hatanigusa bila mama kunitoa. Kwa hiyo usinitoe. Subiri mwaka mmoja tu. Waambie wapanda farasi wetu wakae tayari, nitatoroka wakati wa mavuno kupitia milimani.

Mjumbe ni mtu wetu, anauza chumvi. Ameapa hatapita Knin.

Bado unakumbuka sura yangu? Mimi yako naisahau, ila mikono naikumbuka.

Mwanao,
Desimir

*

*Bribir, siku ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji*

Shemeji,

Kitambaa hiki hapa. Kimechelewa kwa sababu nilifumua pindo mara mbili, nyekundu ya kwanza haikunipendeza. Alama yangu ya msalaba nimeitia. Shemasi wako ananuka vitunguu, lakini amenisomea kila neno na yote ni mazuri.

Nilikuwa nasubiri labda mwanangu ataniandikia neno lolote juu ya siku yake kubwa. Hakuandika. Nimejisemea, kijana wa miaka kumi na tano amuandikie mama yake ya nini? Yuko na wenzake, anafurahi.

Naleta pia vile vyuma vya kisiginoni vya marehemu, vile vya dhahabu alivyokuwa akimpigia farasi. Atavivaa siku ya kurudi. Tafadhali vifikishe, usivikalie.

Na haya mafuta ni ya padri Urso, apake vidole.

Nitachinja kondoo kumi. Njoo na Trebo.

Dobrohna

*

*Knin, siku ya Mtakatifu Bartolomayo*

Shemeji yangu mpenzi,

Yameisha. Desimir alikatwa Jumapili ya pili ya mwezi huu, si na liwali bali na abati, utosini, mkono ndani ya kitambaa chako. Sasa anaitwa Bruda Paulo. Ni mtawa, na mtawa hatoki. Wazee nimeshawaonyesha maandishi, wameiona alama yako, wameguna, wameketi chini. Kiti kimebaki kwangu.

Nasikia alipokiona kitambaa alikijua palepale. Aliwaambia watu, "Huo ni mkono wa mama." Baada ya hapo hakupigana tena, hawakuhitaji hata kumshika. Nadhani ungependa kujua hilo.

Nakuletea pia barua yake ya Pentekoste. Muuza chumvi wake alipita njia ya milimani kweli, lakini milima nayo ni yangu. Niliisoma siku nane kabla hujatuma kitambaa. Sikutaka kukusumbua, ulikuwa unafuma kwa furaha.

Usilie sana. Nani kamtoa? Mimi sikuweka alama popote. Wewe ndiye uliyesema mwanao hakatwi na mtu mdogo, na sasa amekatwa kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Mkubwa kuliko huyo yuko wapi?

Vyuma vya kisiginoni navivaa mimi. Vinanikaa kama nilitengenezewa.

Padri Urso nakurudishia. Amekuwa mzigo jikoni.

Gostimil

*

*Chividale, siku ya Mtakatifu Mikaeli*

Liutgar, liwali wa mpakani, kwa Gostimil

Umetuma mia na sitini, ukaahidi mia mbili. Hilo nimeliandika.

Jambo la pili. Desimir alikuwa kwetu rehani ya utii wako. Mtu huwekwa rehani kwa sababu ana cha kurithi, na watu wake wanamtaka arudi. Mtawa harithi na harudi, kwa hiyo si rehani tena. Ulipoomba akatwe ulijua hivyo, au ulipaswa kujua. Kwa sasa mkononi mwangu sina kitu chako, na Kaisari hapendi mikono mitupu.

Una mtoto wa kiume, anaitwa Trebo. Afike hapa kabla ya majilio ya Krismasi. Asipofika nitakuja kumchukua mwenyewe, na sitakuja kumchukua yeye peke yake.

Liutgar

*

*Knin, siku ya Watakatifu Wote*

Dobrohna, shemeji, dada yangu,

Najua barua yangu utaitupa. Kabla ya kuitupa isome.

Wanamtaka Trebo. Nimempa liwali farasi, nimempa asali na ngozi, nimemtolea hata binti wa dada yangu. Hataki, anamtaka Trebo. Ana miaka mitano! Hajui kufunga viatu. Akiamka anatafuta sikio langu alishike ndipo alale tena. Huko nani atampa sikio?

Nilikutenda vibaya. Nasema wazi, hata shemasi anayeandika amenitazama. Nilikitaka kiti, na nilipokuwa nakitaka sikuona kingine. Mimi ndiye mkosaji, mtoto hana hatia.

Msafara wake utapita Bribir siku ya Mtakatifu Martini. Mlaze kwako apumzike. Na umwandikie Desimir, amwangalie mdogo wake. Wewe ukisema atakubali. Mimi nimemwandikia mara mbili, hajibu.

Nakupigia magoti. Mimi, Gostimil, nimepiga magoti.

*

*Bribir, siku ya tano baada ya Mtakatifu Martini*

Shemeji,

Mwandiko huu mbaya ni wangu. Padri Urso hana vidole, kwa hiyo yeye anataja mimi nachora. Nimejifunza miezi mitatu. Sitaki tena mtu wa kunisomea.

Trebo alifika salama. Alilala hapa siku mbili, akala jibini mpaka nikamnyang'anya. Nikampa sikio langu alishike, akasema la kwako ni kubwa zaidi. Alinikuta kwenye mtambo nafuma, akauliza, "Mama mkubwa, hicho cha nani?" Nikamwambia ni chake. Alifurahi sana, akataka pindo liwe la buluu. Nimempa la buluu.

Ulisema mwenyewe mtoto hana hatia. Ni kweli, hana. Wangu pia hakuwa nayo.

Nimemwandikia Desimir kama ulivyoomba. Nimemwandikia na liwali, nikamwahidi mia tatu wangu wote, wa kweli, si mia na sitini, Trebo akikatwa utosini kama wangu. Amejibu kwa neno moja, kwamba amekubali. Kitambaa kimeondoka na mtoto, kimefungwa kwenye mzigo wake chini ya nguo za baridi, na alama yangu iko ndani yake. Mama yake hayupo, kwa hiyo anayemtoa ni mwanamke mkubwa wa nyumba. Ukisoma haya watakuwa wameshavuka Istria. Farasi wako hawawafikii.

Ukikaa kwenye kiti hicho, kaa vizuri. Hakuna wa kukuambia usogee.

Dobrohna

*

*Chividale, siku ya tatu baada ya Noeli, mwaka wa kumi na moja wa Kaisari*

Kwa mama

Nimeusoma mwandiko wako. Uliandika, "Fanya, kwa ajili ya baba yako na kwa ajili yangu." Nimefanya. Abati ni mzee, mikono inamtetemeka, kwa hiyo siku hizi mwenye mkasi ni mimi.

Nataka ujue ilivyokuwa, kwa sababu hukuwepo.

Trebo hakulia. Mimi nililia, yeye hakulia. Hakuna aliyemwambia kukatwa huku maana yake nini, anaijua ile ya kwetu tu. Amewaona wenzake huko Knin wakikatwa, kondoo wanachinjwa, watu wanaimba. Alikaa wima kabisa. Alikishika kitambaa chako kwa mikono miwili akisubiri nywele zimdondokee, na kila zilipodondoka alikuwa ananiangalia. Nilipomaliza akaniuliza kwa sauti kubwa, kanisa zima likasikia, "Sasa wewe ndiye baba yangu wa mkasi?"

Watawa wa Kifaranki hawakuelewa lugha. Mimi nilielewa. Nilisimama pale na mkasi mkononi, nikamwambia ndiyo.

Na ni kweli, mama. Kwa mila yako, ile uliyonilea nayo, mimi sasa ni baba wa mtoto wa Gostimil. Siwezi kumdhuru wala kumwacha. Analala kwenye mkeka wangu akiwa amenishika sikio, na asubuhi ananiuliza kondoo watachinjwa lini. Kila asubuhi anauliza. Namwambia kesho.

Nimekuwa nikikusamehe kitambaa cha kwanza tangu siku ile niliyokiona, kwa sababu hukujua. Cha pili ulijua.

Uliomba zamani nywele zirudishwe zikiwa zimefungwa kitambaani, uwekewe chini ya kichwa kaburini. Nakuletea. Kitambaa ni hiki cha pindo la buluu, na nywele zilizomo ni za Trebo. Zangu walizitia motoni siku ileile niliyokatwa, pamoja na kitambaa cha kwanza, ndivyo wanavyofanya hapa, na mimi ndiye niliyeambiwa nichochee.

Usiniandikie tena.

Bruda Paulo